Daktari kasema thairoidi, mbio ni mwezi ujao na najisikia fiti: nikimbie au nisikimbie?

Shikamoo dada,

Mi ni mkimbiaji, nina miaka 27, nakimbia mbio za kilomita 10 pamoja na za nusu marathoni, si wa kulipwa ila niko siriasi, tuna klabu na kocha. Mwaka huu nikaanza kupungua uzito bila kujinyima, yani nakula kuliko zamani afu nazidi kukonda, kocha akawa ananisifia mbele ya wenzangu eti sasa ndo nina mwili wa mkimbiaji, na kweli mwanzoni taimu yangu ilishuka kidogo nikafurahi. Baadaye ikageuka. Nikawa simalizi mazoezi ya spidi, mapaja yanaisha nguvu, ngazi za nyumbani tu napanda nimeshika ukuta, jasho linatoka hata nikiwa nimekaa, usingizi hamna, mikono inatetemeka mpaka kufunga kamba za viatu ni shughuli. Hedhi nayo ikaanza kuruka. Nikapima mapigo ya moyo asubuhi kitandani nikakuta 96 wakati zamani nilikuwa 54. Sehemu ya kwanza niliyoenda wakaniambia 96 ni kawaida, nipunguze stresi. Nilipoenda kwingine ndo wakapima damu, TSH (homoni inayoiamrisha thairoidi) iko chini kabisa, T4 (homoni ya thairoidi yenyewe) iko juu, wakasema thairoidi yangu, ile tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi, ugonjwa wa Graves, yani kinga ya mwili inaichochea tezi. Nimepewa kabimazoli na propranololi, daktari akasema tu "punguza mazoezi", foleni ilikuwa ndefu nikatoka.

Sasa dada, tangu nianze dawa najisikia vizuri kabisa, mapigo yamerudi 60 na kitu, mikono imetulia. Mbio nilizojiandikisha ziko wiki nne zijazo. Kocha anasema haya ni mawazo yangu tu, nikikaa wiki nne naanza upya. Mama anasema niachane na michezo moja kwa moja. Naomba unisaidie: nikimbie? Nisipokimbia nifanye nini, maana mi nikikaa bila mazoezi ndo naumwa zaidi? Hizi dawa zinahesabika kama dopingi? Na nasikia zinanenepesha, ni kweli?

Mkimbiaji njia panda

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Pole ya ugonjwa na pole ya kuzungushwa, maana hiyo ya kuambiwa 96 ni kawaida imeniuma kweli. Kwa mtu wa kawaida mapigo 60 mpaka 100 akiwa amepumzika yanahesabika sawa, lakini wewe ni mtu wa mazoezi, moyo wako umezoea 54, kwa hiyo 96 ni karibu mara mbili ya kawaida yako. Wanamichezo wengi wenye thairoidi wanachelewa kugundulika kwa sababu hiyohiyo, kila namba yao inasomwa kwa kipimo cha mtu asiyekimbia, na kukonda kwao kunapigiwa makofi. Kwa hiyo kabla sijajibu swali lolote nikwambie, ulivyokataa jibu la kwanza ukaenda kupima damu umejisaidia sana.

Jibu la swali kubwa: usikimbie hizo mbio. Na mazoezi ya spidi, ya vilima na ya kunyanyua vitu vizito yasimame kuanzia leo mpaka damu ioneshe T4 na T3, homoni mbili za thairoidi, zimerudi kwenye kiwango na daktari wako akubali. Najua unasema unajisikia fiti. Hapo ndo nataka tukae kidogo, maana ndo sehemu yenye hatari kuliko zote kwenye barua yako.

Umepewa dawa mbili na zinafanya kazi mbili tofauti kabisa. Kabimazoli ndo inayotibu, inazuia tezi isitengeneze homoni mpya. Lakini haigusi homoni iliyokwisha kutengenezwa, na tezi inakuwa na akiba yake, na T4 iliyoko kwenye damu peke yake inachukua siku kadhaa kupungua nusu. Ndo maana kabimazoli inataka wiki kadhaa, mara nyingi mwezi mpaka miwili, kabla damu haijakaa sawa. Propranololi yenyewe inafanya kazi ndani ya masaa, inatuliza mapigo, inaondoa kutetemeka, inapunguza ile hali ya wasiwasi, ila homoni ziko juu vilevile. Ni kama mtu mwenye jino bovu aliyemeza dawa ya maumivu, anatafuna vizuri na jino limeoza palepale. Kwa hiyo huo ufiti unaousikia sasa hivi, mapigo 60 na kitu, mikono imetulia, sehemu kubwa ni propranololi, na huwezi kuutumia kupima kama umepona. Kinachopima ni damu basi.

Na ukikimbia wakati homoni ziko juu inakuwaje? Moyo tayari unasukumwa usiku na mchana hata ukiwa umelala, kwa hiyo ile nafasi uliyokuwa nayo zamani ya kutoka 54 kupanda mpaka juu ukiwa unamaliza mbio, imeliwa sehemu kabla hujafunga viatu. Ukiuongezea kazi kubwa juu ya hapo unaweza kutoka kwenye mpangilio, ukaanza kudunda ovyo ovyo, na mapigo ya namna hiyo yanaweza kuleta damu kuganda ndani ya moyo na baadaye kiharusi. Sisemi kila anayekimbia atapata, kijana mwenye moyo mzima hatari yake ni ndogo kuliko mzee, lakini hatari ipo na hamna medali inayostahili hiyo.

Halafu kuna joto. Thairoidi ikizidi mwili unachoma nishati muda wote, wenyewe unatengeneza joto hata umekaa, ndo hilo jasho lako. Ukikimbia unaongeza joto juu ya joto, unapoteza maji haraka, na kwenye jua ndo balaa.

Misuli sasa, hii ndo kocha wako anatakiwa aisikie. Homoni hizi zikizidi zinavunja misuli, na zinaanza na mikubwa ya karibu na kiwiliwili, mapaja, nyonga, mabega, ndo maana unapanda ngazi umeshika ukuta. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli nayo inaisha upesi, na asidi inajaa mapema, kwa hiyo ile kuchoka katikati ya mazoezi ya spidi haikuwa uvivu wala moyo mdogo. Mazoezi unayofanya kipindi hiki hayajengi. Mwili hauna cha kujengea, unabomoa. Kwa hiyo hizo wiki nne ambazo kocha anaogopa utapoteza, ukizikimbia unapoteza zaidi ya ukizipumzika. Na mifupa usiisahau, homoni zikizidi mfupa unaliwa haraka kuliko unavyojengwa, na wewe hedhi inaruka, na umekonda, hivyo vitatu vikikaa pamoja kwa mkimbiaji, nyufa za mifupa ya mguuni ziko mlangoni. Ukisikia maumivu sehemu moja kwenye ugoko au mguu ambayo yanauma ukigusa kwa kidole, usikimbie nayo, kapimwe.

Haya, sasa ufanye nini, maana nakuelewa kabisa kwamba kukaa tu kunakumaliza, na hali yenyewe ya thairoidi inakufanya usitulie. Muulize daktari wako kwanza, na swali uliulize kwa kunyooka, usimwambie "naweza kufanya mazoezi?" maana hapo atakujibu "punguza" tena. Muulize: natakiwa nirudi lini kupima damu (kawaida ni kila wiki 4 mpaka 6 mwanzoni), naweza kutembea dakika ngapi, nahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kabla ya kurudi kukimbia? Mwambie wewe ni mkimbiaji wa mashindano na mapigo yako ya siku zote ni 54, mwandikie kwenye karatasi kabisa umpe, foleni ikiwa ndefu karatasi inabaki kwenye faili.

Akikuruhusu, kipindi hiki cha kwanza tembea. Tembea sehemu tambarare, asubuhi mapema au jioni jua likishuka, na maji mkononi, na mtu pembeni yako ikiwezekana. Kunyoosha viungo sawa, yoga ya polepole sawa, mazoezi ya kupumua yatakusaidia na usingizi pia. Kipimo chako kiwe maongezi: uweze kuongea sentensi nzima bila kukatisha kuvuta pumzi. Ukianza kuongea kwa vipande umezidisha, punguza. Na saa ya mkononi inayohesabu mapigo usiifuate kwenye mazoezi kwa sasa, propranololi inayazuia mapigo yasipande, kwa hiyo zile zoni zako za zamani, yani viwango vya mapigo vya mazoezi mepesi na mazito, zote hazina maana, saa itakuonesha uko kwenye zoni nyepesi kumbe mwili uko hoi. Wenzako wengi wanajidanganya hapo.

Ila asubuhi kabla hujatoka kitandani endelea kupima mapigo, vidole viwili chini ya kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne, maana unatafuta na mpangilio vilevile. Andika namba na andika kama yanadunda sawasawa au yanaruka ruka. Siku yamepanda ghafla kuliko siku zilizotangulia, au hukulala, au unaharisha, hata kutembea achana nako siku hiyo.

Damu ikishakaa sawa, yani T4 na T3, ndo tunaanza kuongea habari ya kukimbia. TSH isikutishe, yenyewe inaweza kubaki chini miezi kadhaa hata kama homoni nyingine ziko vizuri, daktari analijua hilo. Na kuhusu kurudi, mi ningeanza na nguvu kabla ya mbio: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, kupanda kidaraja kimoja na kushuka, kunyanyua visigino, uzito wa mwili wako tu. Siku utakayoinuka kwenye kiti mara kumi mikono imekunjwa kifuani na mapaja hayatetemeki, hapo kuchanganya kutembea na kujogi dakika 20 mpaka 30, siku moja ndio siku moja hapana, hamna shida. Ongeza muda kwanza, umbali baadaye, spidi iwe ya mwisho kabisa. Nguvu ya misuli inarudi lakini inachukua miezi, inachelewa nyuma ya majibu ya damu, kwa hiyo usishangae karatasi inasema uko sawa na mapaja bado yanasema hapana. Sikiliza mapaja.

Kitu kingine, dawa ikizidi unaweza kuvuka ukaangukia upande wa pili, thairoidi ikawa chini: unasikia baridi, mzito, misuli inakaza, choo kigumu, usingizi mchana, mapigo ya chini kuliko ulivyozoea. Wakimbiaji wakifika hapo wanajilaumu wamekuwa wavivu wanajikamua zaidi. Usijikamue, omba damu ipimwe, dozi itarekebishwa.

Na dawa zenyewe, kuna mambo sijui kama uliambiwa. Ukiwa unameza kabimazoli ukapata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, acha kuimeza na nenda hospitali siku hiyohiyo wapime seli nyeupe za damu, maana kwa watu wachache dawa hii inazishusha ghafla na hapo maambukizi madogo yanaweza kuua. Haitokei mara nyingi, ila wanamichezo koo likiuma wanaliita mafua wanaenda mazoezini, ndo maana nakusisitizia. Propranololi usiiache ghafla kwa sababu unajisikia poa, inapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo. Na kama una pumu na hukusema, rudi ukaseme leo, propranololi haifai kwa mwenye pumu. Kama unapanga mimba au kuna uwezekano unayo, wajulishe mapema vilevile, kuna dawa nyingine wanayotumia miezi ya mwanzo.

Vitu vya makopo navyo angalia. Zile poda za kuongeza nguvu kabla ya mazoezi, vinywaji vya enaji, vidonge vya kuchoma mafuta, vingi vina vichangamsho vinavyoukimbiza moyo, weka pembeni. Virutubisho vya mwani na madini joto ya ziada vinaweza kuichochea tezi zaidi. Na biotini, ile ya nywele na kucha, hiyo ina hila yake, haikudhuru lakini inaweza kuvuruga kipimo, damu ikaonesha thairoidi iko juu wakati haiko hivyo, kwa hiyo iache angalau siku mbili kabla ya kupima, kama unameza dozi kubwa muulize daktari siku ngapi, na uwaambie maabara. Kama unavuta sigara acha, Graves inaweza kushika macho na sigara inayaharibu zaidi. Macho yakianza kuuma, kutoka nje au kuona vitu viwili viwili, usisubiri siku ya kliniki.

Yafuatayo ni ya kukimbizwa hospitali bila kujadiliana: maumivu ya kifua, kuzimia au kutaka kuzimia, mapigo yanayodunda ovyo na hayatulii ukipumzika, kukosa pumzi ukiwa umekaa, homa kali pamoja na kuchanganyikiwa, kutapika na moyo kwenda mbio. Na kuna hili lisilojulikana sana, mtu anaamka miguu haiinuki kabisa, mara nyingi ni baada ya mazoezi mazito au mlo mkubwa wa wanga siku iliyopita. Hutokea zaidi kwa wanaume, na zaidi wenye asili ya Asia, ila likikutokea ni la hospitali hapohapo, potasiamu inakuwa imeshuka na moyo unaweza kuathirika.

Dopingi: kabimazoli haimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Dawa za kundi la propranololi zimekatazwa kwenye baadhi ya michezo, hasa ile ya kutuliza mkono kama kulenga shabaha na kurusha mishale, mbio hazimo. Hata hivyo orodha inatolewa upya kila mwaka, kwa hiyo siku ukirudi mashindanoni iangalie ya mwaka huo, na cheti cha daktari kiwe kwenye begi.

Kuhusu mama kusema uache michezo kabisa, namwelewa, ameogopa, ila hapana. Mwambie habari za Gail Devers, yule mwanariadha wa Marekani, aligundulika ana Graves mwaka 1990 baada ya kuhangaika muda mrefu bila jibu, akapata matibabu ya mionzi, miguu ikaharibika vibaya mpaka kukawa na maneno ya kuikata, na mwaka 1992 akashinda dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Barcelona, akarudia Atlanta 1996. Lakini na wewe usiitumie hadithi hiyo kujidanganya, alisimama kwanza akatibiwa, ndo akarudi.

Kocha naye mtumie mesej, usibishane naye uwanjani mbele ya watu. Andika hivi: "Kocha, nina ugonjwa wa Graves umethibitishwa kwa kipimo cha damu. Kukonda kule na kushindwa mazoezi ya spidi vilitokana na ugonjwa. Sitakimbia mpaka damu ikae sawa na daktari aruhusu, nikirudi naomba tuanze taratibu. Majibu haya hapa." Umuambatanishie picha ya majibu kama uko radhi. Akiendelea kukwambia ni mawazo, mdogo wangu, tafuta kocha mwingine, nasema kwa moyo wote, mtu anayeona namba za damu bado anakusukuma hafai kushika mazoezi yako.

Na uzito, ndio, utarudi. Kabimazoli yenyewe haikunenepeshi, ni mwili unaacha kujichoma. Kilo ulizopoteza sehemu yake ilikuwa misuli, kwa hiyo zikirudi zipokee. Kinachowaponza wengi ni hamu ya kula, ilizoea kula kwa ajili ya mwili unaochoma kupita kiasi, na inachelewa kushuka wakati mwili umeshatulia. Kula vizuri, protini ya kutosha kila mlo, muulize daktari kuhusu kalsiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa, na chakula kisipunguzwe kwa hofu ya mzani, wala dozi usiipunguze kimyakimya ili ubaki mwembamba, kuna watu wanafanya hivyo na wanarudi hospitali wakiwa na hali mbaya zaidi.

Leo hii waandikie waandaaji wa mbio uwaulize kama namba yako inaweza kusogezwa mashindano yajayo au kupewa mtu mwingine, baadhi wana utaratibu wa wagonjwa ukiwahi. Majibu ya damu ya mara ya pili yakitoka niandikie, uniwekee na mapigo yako ya asubuhi, tupange hiyo ratiba ya kurudi kabla hujaipeleka kwa daktari aipitie.

Dada yako